Kobe Hajavua Begi

Jumatano, 10 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na bibi unayemtunza hajambo pia. Mimi mzima. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaambiana "haya" mara saba halafu tunakata, na nikishakata ndipo maneno yananijia yote, yamepanga foleni.

La kwanza, nimepata kazi. Ni msaidizi katika shule ya chekechea, mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani. La pili, chumba ni kile kikubwa tulichokubaliana kwamba tutakaa wote wawili nikimaliza shule, chenye dirisha la barabarani. Kitanda changu nimekisogeza hadi ukutani ili chako kikae chini ya dirisha. Nguo zangu bado ziko sandukuni. Sikuona sababu ya kupanga kabati leo halafu nipangue mwisho wa mwezi ukija. Utachagua wewe upande wako.

Watoto wako ishirini na wawili, wa miaka mitatu na minne, na wengi hawajawahi kuachwa popote. Kazi yangu ni pua, vifungo na kamba za viatu. Kwa watoto sina shida, maana hawanidai maneno. Wanaonitisha ni walimu. Wakati wa chai wanakaa barazani wanacheka, mimi nabaki darasani najifanya nahesabu kalamu za rangi. Ni arobaini na nane. Nimezihesabu siku tatu.

Mwalimu Mkuu ana sheria moja, anaitaja kama kiapo. Mzazi haruhusiwi kutoroka. Lazima achuchumae mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, aseme kwamba anakwenda, aseme anakwenda wapi, na aseme atarudi baada ya nini. Hasemi saa ngapi, kwa sababu mtoto hajui saa. "Baada ya maziwa." "Baada ya kulala." Kisha anakwenda na hageuki nyuma. Mtoto akilia, tunamshika, tunamwacha alie.

Jumatatu nilikuwa mlangoni peke yangu alipofika muuguzi mmoja, amechelewa, amevaa sare ya hospitali, binti yake amemng'ang'ania shingoni. Mtoto alikuwa na begi jekundu mgongoni, karibu kubwa kuliko yeye. Nilipaswa kumwambia mama yake aage. Lakini Mama, mtu mzima yule, mimi nitamfundisha nini? Nikamwonyesha mtoto samaki waliochorwa ukutani, na alipogeuka nikamkonyeza mama yake, akatoka kwa kunyata. Mtoto alipogeuka tena akimtafuta kwa macho, nikamwambia, "Mama anakuja sasa hivi." Hakulia hata kidogo! Nilijiona fundi.

Usimwambie mtu. Niandikie kwa sanduku la posta la shule, na unitajie tarehe.

Mwanao,
Kimya


19 Januari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, moja kwa sauti, maana bibi alidai ni yake. Kila karatasi inayoingia nyumba hii ni yake. Nikamsomea. Akasema, "Huyo msichana ana akili, mwambie aje anisuke nywele." Basi hongera, umepata kazi ya pili.

Nimefurahi mno. Wewe uliyekuwa ukijibanza nyuma ya mlango wageni wakija, leo ndiye unayepokea wageni mlangoni! Nilikuita Kimya kwa sababu hiyo, sasa jina litaanza kunisuta.

Kuhusu huyo mtoto, usijitie mawazo. Ulifanya vizuri. Sheria za walimu hupendeza zikiwa ukutani. Mimi nilipokuja kuanza kazi huku ulikuwa na miaka minne. Shangazi yako alinishauri niondoke ukiwa umelala, nisikuvunje moyo. Nikaondoka alfajiri. Baadaye alinipigia simu, akasema uliamka, ukanywa chai, ukaenda kucheza, wala chozi halikukutoka. Nilishukuru Mungu. Watoto husahau, mwanangu. Sisi ndio hatusahau.

Bibi siku hizi haniachi. Nikienda jikoni, anaita. Nikienda chooni, anakuja kubisha hodi. Ananiita "Mama", mimi ninayeweza kuwa mjukuu wake! Jana nilimwambia naenda kufua, akasema basi na yeye afuliwe.

Tarehe nitakujulisha, ni hivi karibuni. Kula vizuri, usile mkate tu.

Mama yako


Jumatano, 24 Januari

Mama, shikamoo.

Mwambie bibi nitamsuka, ila najua mtindo mmoja tu.

Yule mtoto wa muuguzi amepata jina. Mpishi wetu ndiye aliyembatiza: Kobe. Ni kwa sababu hajavua begi. Hii ni wiki ya tatu. Wenzake wakifika wanatundika mabegi kwenye misumari, na kwa kuwa hawajui kusoma, kila msumari una picha yake: mwezi, kijiko, bata. Wa Kobe una picha ya ufunguo, na hauna kitu. Anakula na begi. Anachora na begi. Mchana wakilala, analala kifudifudi, begi juu. "Msije mkamgeuza chali," anasema Mpishi, "hatainuka tena." Walimu wanacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikajisikia vibaya.

Halii. Hilo ndilo linalomsumbua Mwalimu Mkuu. Wengine walilia wiki ya kwanza, wiki ya pili wakalia kwa zamu, na sasa wanasukumana kuingia. Kobe hakulia, na hakuingia. Amekaa kwenye mkeka ulio karibu na mlango, uso nje, kama abiria.

Juzi kwenye kikao Mwalimu Mkuu aliuliza, "Siku ya kwanza nani alimpokea? Aliagwa sawasawa?" Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikasema, "Aliagwa." Neno moja tu, Mama, na sasa linanifuata kila ninapokwenda.

Mama yake hana mtu mwingine. Bibi aliyekuwa akimlea Kobe alifariki mwaka jana. Mwalimu Mkuu amemwambia kwamba ikifika mwisho wa Februari mtoto hajatulia, itabidi akae nyumbani mpaka mwakani. Muuguzi akauliza, "Nyumbani na nani?" Siku hizi anaaga vizuri, anachuchumaa, anasema yote matatu. Kobe anamtazama mdomo tu. Nadhani haamini tena.

Chumbani nipo salama. Nimepata rafiki, jioni tunakula pamoja, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mwisho wa mwezi ni Jumatano ijayo. Nimepiga deki hadi chini ya kitanda. Nimenunua kikombe cha pili, cha bluu.

Mwanao,
Kimya


1 Februari

Mwanangu,

Mwezi umekwisha na sijafika, najua. Usinune. Bibi alishikwa na homa, kisha mwanawe, huyu aliyeniajiri, akasafiri, na mambo mengine madogo madogo ambayo kwenye karatasi hayaelezeki. Nakuja sasa hivi tu, wewe vumilia.

Ule ujanja wa Mwalimu Mkuu wako nimeujaribu. Nilichuchumaa mbele ya kiti cha bibi, magoti yakalia kuliko yeye. Nikamwambia, "Naenda sokoni, nitarudi baada ya chai." Alilia tangu mlango ulipofungwa, jirani akaniambia. Niliporudi alinitazama akasema, "Kumbe umerudi," kama mtu aliyeona nyota mchana. Siku ya pili alilia kidogo. Leo nimemuaga akanijibu, "Haya, na ndizi usisahau." Mwalimu wako si mtu wa mchezo.

Huyo rafiki ni nani? Umeandika habari zake kwa mstari mmoja tu.

Kikombe cha bluu kitunze.

Mama yako


Alhamisi, 8 Februari

Mama,

Shikamoo.

Umeandika "nakuja sasa hivi". Barua niliisomea kwenye ngazi za ofisi nikiwa nimesimama. Ilibidi nikae.

Naomba nikuambie mambo matatu. Ukikasirika, ukasirike barua ikiwa imeshafika, mimi nikiwa mbali.

Rafiki niliyemwandika ni redio ya jirani. Ukuta ni mwembamba, na saa za habari anaifungua kwa sauti. Ninakula wakati huo. Ndiyo tunakula pamoja, lakini yeye hajui.

La pili ni la Kobe. Najua kwa nini havui begi, na ni mimi peke yangu ninayejua. Nilimwambia mama yake anakuja sasa hivi. Mtu anayechukuliwa sasa hivi havui begi. Anakaa tayari. Kila siku nampita pale kwenye mkeka nikibeba poti na taulo, na yeye ananitazama mimi, siyo mlango. Nimeng'amua hivyo juzi. Mlango anaupa mgongo nikipita. Ananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

La tatu ni la siku uliyoondoka. Shangazi hakutaka uumie, kwa hiyo alikuambia nilikunywa chai. Mama, mimi nakumbuka. Niliamka, nikakuta upande wako wa kitanda una baridi. Shangazi akasema, "Mama anakuja sasa hivi." Nikaenda kuvaa vile viatu vyangu vya kahawia, nikakaa kizingitini. Sikulia, hilo ni kweli. Usiku nililala navyo. Shangazi alikuwa akinivua nikishapata usingizi, na asubuhi nikiamka miguu mitupu napiga kelele mpaka anivishe. Sijui ilikuwa muda gani. Najua viliacha kunitosha nikiwa bado navivaa.

Sikuambii haya ili nikulaumu. Nakuambia kwa sababu uliandika kwamba watoto husahau, na ninaona ulikuwa unajifariji kwa kitu ambacho si cha kweli, na mimi ndiye ninayeweza kukwambia.

Sasa naomba, kama Mwalimu Mkuu anavyowaomba wazazi. Usiniambie sasa hivi. Niambie baada ya nini.

Kimya


Jumatatu, 19 Februari

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Labda posta. Naandika tena hata hivyo, maana leo kuna habari, na sina mwingine wa kumpa.

Asubuhi niliona mstari wa sisimizi. Ulitoka chini ya dirisha, ukapita pembeni mwa darasa, ukapanda mkeka, ukapanda mgongo wa Kobe na kuingia ndani ya begi. Yeye ametulia tu, wanampanda. Nikapiga magoti nikamwuliza, "Nifungue?" Akafikiri. Akageuka mgongo kwangu ili nifungue, lakini hakuvua.

Ilikuwa mikate, Mama. Vile vipande tunavyowapa na maziwa saa nne. Kila siku alikuwa akila nusu na nusu kuitia begini. Ya chini ilikuwa kijani, imeota manyoya. Mpishi alikuja mbio na ufagio, akaona, akasema, "La kuvunda halina ubani, lete nitupe!" Kobe akasema, na ndiyo mara ya kwanza nimsikie sauti, nzito kuliko nilivyodhani, "Ya Mama. Akija ana njaa."

Mpishi aliweka ufagio chini. Alienda jikoni na hakurudi mpaka chakula cha mchana, na hakutania mtu siku nzima.

Nikaenda ofisini. Nilibisha hodi kwa sauti ndogo sana hata mimi sikuisikia, nikabisha tena. Nikamwambia Mwalimu Mkuu kila kitu: samaki wa ukutani, kukonyeza, "sasa hivi", na lile "aliagwa". Nilidhani atanifukuza. Nilishajipangia nitabeba sanduku langu vipi, na kwa kuwa sijalifungua, nikaona ingekuwa rahisi.

Akasema, "Mimi sina la kukusamehe. Uongo hukuniambia mimi kwanza. Nenda kwa mwenyewe." Nikamwuliza, kwa mtoto wa miaka mitatu? Akasema, "Ana miaka mitatu, ana wiki sita za kungoja. Kamwombe radhi, na uchuchumae."

Nilichuchumaa. Nikamwambia Kobe, "Siku ile nilikudanganya. Mama hakuwa anakuja sasa hivi. Mama yuko kazini, anawapa wagonjwa dawa. Atakuja baada ya kulala. Kila siku ni baada ya kulala."

Alinitazama. Kisha akalia, Mama. Alilia kwa nguvu zote, wiki sita kwa pamoja, watoto wengine wakaziba masikio. Nilimshika. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwamba niendelee kumshika. Alilia mpaka akasinzia mapajani mwangu, begi mgongoni. Baada ya kulala, mama yake alikuja.

Sijui kama itatosha. Zimebaki siku kumi.

Kimya


27 Februari

Mwanangu,

Barua zako mbili zipo hapa mezani. Ya kwanza ilifika mapema, siyo posta. Niliposoma habari ya viatu nilitoka nje nikaanika nguo zilizokwisha kukauka. Tangu hapo kila nikishika kalamu naona viatu vya kahawia. Nilivinunua mimi. Vilikuwa na kifungo cha pembeni ulichokuwa huwezi kukifunga mwenyewe, na bado najiuliza asubuhi ile ulikifungaje.

Umenifundisha kusema kweli, basi pokea, hata kama ni chungu.

Mkataba wangu uliisha Desemba. Hakuna aliyenizuia. Mwanawe bibi aliniambia, "Nenda nyumbani, umefanya kazi ya kutosha, nitatafuta mwingine." Nikafunga mizigo. Nilipanga niondoke alfajiri bibi akiwa amelala, kama nilivyozoea kufanya mambo. Nilipofungua mlango wa chumba changu nilimkuta amekaa kwenye kiti barazani, amevaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto, mkoba mapajani. Akaniuliza, "Mama, tunakwenda wapi?"

Nilifungua mizigo. Nikatia sahihi miaka miwili mingine. Wakati huo sikuwa najua kwamba kuna mtu mwingine niliyemwacha na viatu miguuni.

Homa ya bibi haikuwa kweli. Safari ya mwanawe haikuwa kweli. Niliogopa tu kukuandikia.

Mama yako


Jumatatu, 4 Machi

Mama,

Ijumaa Kobe alivua begi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, na nilikuwa naandika kichwani njia nzima ya kwenda kazini leo. Halafu nikapewa barua yako.

Bibi alivaa viatu asubuhi moja, ukafungua mizigo. Mimi nilivivaa mpaka vikanibana.

Sina zaidi.

Kimya


12 Machi

Mwanangu,

Karatasi nimeiweka juu ya kiti, na mimi nimepiga magoti sakafuni. Bibi ananitazama, anauliza nimepoteza nini. Macho yangu yako kwenye urefu wa macho yako ulipokuwa na miaka minne. Nimepima kwa kitasa cha mlango, kwa sababu nakumbuka kilikuwa kinakufika kwenye paji la uso.

Sitajitetea. Ulichosema ni kweli, na nimekiacha kama kilivyo. Bibi nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa mbele yangu. Wewe nilikuonea huruma miaka kumi na mitatu kwa mbali, na huruma ya mbali haimfungui mtu kifungo cha kiatu. Nadhani pia niliogopa kuja. Nilikuacha mtoto, na sijui mama wa msichana mkubwa hufanya nini asubuhi. Kwa bibi najua: namfunga nywele, namkatia ndizi. Kwako nitashika wapi?

Sasa ninakuaga. Nimechelewa, lakini nakuaga.

Mimi ninakwenda. Alfajiri ile nilikubusu utosini ukajigeuza. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi ili visilie.

Ninakwenda kufanya kazi katika nyumba ya watu, mbali, kwa sababu baba yako amefariki na nyumba yetu haina mtu mwingine wa kufanya kazi. Siendi kwa sababu yako. Hukufanya kosa lolote. Kama ulikaa pale kizingitini ukifikiri ulifanya kosa, inuka.

Nitarudi baada ya mvua kubwa kukatika. Mwanawe bibi atakuja kukaa na mama yake siku tano, na hizo ni zako. Nimeshamwambia, na bibi nimemwambia, na kila siku namwambia tena, maana anasahau na analia upya. Siji kuhamia, mwanangu. Chini ya dirisha usiweke kitanda. Mkataba utakapokwisha sijui nitakuwa nani na wewe utakuwa wapi, na kwa kuwa sijui, sitasema.

Nakwenda. Sigeuki nyuma, ndivyo Mwalimu Mkuu wako anavyotaka, ila kugeuka natamani.

Mama yako


Jumatano, 20 Machi

Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea chumbani, mlango nimeufunga. Nililia mpaka jirani akapunguza redio. Baadaye alibisha hodi akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimeagwa tu. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa, akanipa nusu ya papai lake, akarudi kwake. Ni mama mtu mzima, mshona nguo. Nilikuwa nikidhani ni mwanamume, kwa kikohozi chake kizito kinachopenya ukutani.

Nilifungua sanduku siku ileile. Nguo zangu hazijazi hata rafu mbili, lakini nimezitawanya pande zote mbili za kabati. Kitanda nimekivuta hadi chini ya dirisha. Ukutani pale kilipokuwa kumebaki nafasi kubwa, na usiku naitazama. Sitakuficha. Chumba ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, na jioni bado ni ndefu. Kikombe cha bluu ninakinywea mimi siku nyingine, ili kisikae kama cha marehemu.

Nilikuwa sijakusimulia begi lilivyovuliwa. Ile Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya wiki, na Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kumwita muuguzi waongee jioni. Watoto walipoamka usingizini, Kobe alibaki amelala kifudifudi, kichwa ameinua. Akaniuliza, "Tumelala?" Nikasema, "Mmelala." Akauliza, "Sasa ni baada?" Nikasema, "Sasa ni baada." Na mama yake akaingia mlangoni, viatu vya kazi vimejaa vumbi, kabla sijamaliza neno.

Kobe hakumkimbilia. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Kisha akatoa mkono mmoja kwenye begi, na mkono wa pili, akaenda kulitundika kwenye msumari wake wa ufunguo. Wakati wa kwenda nyumbani, Mama! Kila mtu anavaa, yeye anavua. Muuguzi akasema, "Mwanangu, tunaondoka, chukua begi." Akajibu, "Likae. Kesho narudi." Kesho yake ilikuwa Jumamosi, lakini hakuna aliyemsahihisha. Mpishi alisema atakuja kulilinda yeye mwenyewe.

Jumatatu lilikuwa palepale. Alilia alipoagwa, kama watoto wengine, kisha akaenda kula. Mkate aliumaliza wote.

Basi nami nakujibu. Njoo mvua ikikatika, siku tano. Uliuliza utashika wapi. Sijui, hata mimi sijui mtoto mkubwa hufanya nini na mama asubuhi. Tutaanza na chai, wewe utumie kikombe cha bluu.

Siku ya tano usinisubiri nilale. Ukishafunga mizigo, niamshe, hata kama ni alfajiri, hata kama unanionea huruma. Nitalia. Wewe nenda. Nikishamaliza kulia nitakula.

Mwanao,
Kimya